Uzi: Harufu na kuwinda kulungu kwa upinde mwanzo wa msimu, hela yako iende wapi?

MtegaUpepo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa upinde ndio huo unabisha hodi. Huku Marekani, South Carolina kuna maeneo hufunguliwa tarehe 15 Agosti, Kentucky ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Georgia Jumamosi ya pili, Missouri tarehe 15 Septemba. Na kama ilivyo ada, PM (ujumbe wa faragha) zimeanza kumiminika: "Mkuu, mwaka huu ninunue harufu gani ya chupa ya kuwindia kulungu?" Nimeona nijibu hapa hapa, anayetaka kubisha abishe mbele za watu.

Jibu langu: kwa Septemba, za kumwita dume usinunue. Hela peleka kwenye nguo za ndani za sufu ya kondoo wa merino, na muda wako upeleke kwenye kujua hewa inakwenda wapi jioni pale dungu lako (kile kiti cha kufunga juu ya mti) lilipo.

Kulungu mkia-mweupe wa kaskazini na katikati ya Marekani hupandana kuanzia mwishoni mwa Oktoba, kilele chake katikati ya Novemba. Kinachowasukuma ni mchana kuzidi kuwa mfupi. Watu husingizia baridi au mwezi, lakini kalenda yao ni jua. Septemba madume ndio kwanza wamemaliza kukwangua ile ngozi laini ya pembe. Bado wanatembea makundi ya wanaume watupu bila ugomvi, na akili yote iko tumboni: soya ikiwa bado kijani, alfaalfa, njugu za mwaloni mweupe zinapoanza kudondoka. Halafu wewe unakwenda kumwaga mkojo wa chupa wa jike aliye tayari kupandwa. Dume mdogo atakuja kushangaa, atabinua mdomo wa juu kama wanavyofanya wakitaka kupeleka harufu kwenye kile kiungo cha juu ya kaakaa, kisha atajiondokea. Mkubwa mara nyingi hatakuja moja kwa moja. Atazunguka upande wa chini wa upepo (kule upepo unakoelekea) ahakikishe kwanza, na huko ndiko uliko wewe na makwapa yako. Sisi wa upinde tunamtaka mnyama ndani ya yadi 20 au 25. Mwenye bunduki anaweza kunuka na bado akala nyama.

Jasho sasa. Likitoka tu halinuki. Linanuka baada ya bakteria wa ngozini kulifanyia kazi, hasa kwapani na kwenye kinena. Kwa hiyo ukioga vizuri saa nane mchana kwa sabuni isiyo na manukato, kisha ukabeba dungu mgongoni nusu maili kwenye joto la nyuzi 30, ukifika juu ya mti lile bafu limeshakuwa historia. Poliesta ndiyo inayoshika harufu ya jasho kuliko zote, na ndiyo iliyojaa kwenye nguo za bei poa za kuwindia; ndiyo maana nikasema merino. Mimi natembea polepole kwa makusudi, nimevaa shati jembamba, nguo za kuwindia ziko kwenye begi. Nikifika chini ya mti nakaa kwanza mpaka mapigo yatulie. Najipangusa shingo, kwapa na mgongo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu, shati lililoloa nalifungia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, ndipo navaa kavu na kupanda. Ukipanda ukiwa bado unavuja, hata uvae nini umejisumbua.

Tatu, hewa yenyewe, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Asubuhi jua likipiga mteremko, hewa hupata joto na kupanda. Jioni jua likiingia nyuma ya miti, hewa hupoa, huzama, na kuteleza bondeni kufuata njia ya maji. Mwanzo wa msimu wengi wetu tunawinda jioni ukingoni mwa shamba. Simu inakwambia upepo wa kaskazini-magharibi, maili 5 kwa saa, unapanda saa kumi na moja kila kitu kiko sawa. Ikifika saa moja na nusu upepo umekufa. Dungu lako liko juu ya shamba, kulungu wanatoka chini, na harufu yako yote inawamwagikia puani. Jike mmoja anapuliza pua, mkia juu, kwaheri. Halafu mtu anarudi nyumbani anailaumu sabuni.

Kile kichupa cha unga cha kupimia upepo kinakuonyesha hewa ya mbele ya uso wako tu. Tafuteni milkwidi, lile gugu la utomvu mweupe ambalo vipepeo wa monaki hutagia mayai. Ganda lake likikauka ndani kuna mbegu zenye manyoya ya hariri. Unachomoa unyoya mmoja, unauachia kutoka juu ya mti, unaufuata kwa macho. Utaona unakwenda sawa na simu yako ilivyosema kwa yadi 30, kisha unazama ghafla, unaingia kwenye mfereji, unageuka, wakati mwingine unarudi chini ya mti wako mwenyewe. Mapema Septemba maganda mengi bado mabichi, kwa hiyo weka akiba ya mwaka uliopita kwenye kopo. Utomvu wake usiupeleke machoni.

Nawaachia jukwaa.

Bi_Podo

Mtega Upepo, kwenye jioni umenena, sina la kuongeza. Ila umezungumza kana kwamba kinachonuka ni mwili peke yake. Mimi niko Ohio, sisi tunafungua Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na ninavyowaona kaka zangu hapa, harufu inaanzia kwenye gari. Mtu ameoga, amevaa nguo za kuwindia sebuleni, ameketi kwenye kiti anacholala mbwa, amesimama kituo cha mafuta, amekanyaga matone ya dizeli pale kwenye pampu, amenunua kuku wa kukaanga akala njiani. Anashuka porini anajipulizia dawa ya kuua harufu mara nne. Inamsaidia nini?

Gambuti zangu za mpira hazijui kanyagio la gari. Zinakaa kwenye boksi la plastiki nyuma, nazivaa nikishafunga mlango.

Na mkanda wa mkononi wa kile kifyatulio cha uzi wa upinde! Nendeni mkaunuse sasa hivi, kila mmoja aunuse wa kwake. Umefungwa kwenye kifundo cha mkono kila mazoezi ya kiangazi, umenyonya jasho, dawa ya jua na mafuta ya ngozi, na hakuna anayeuosha. Unafika porini, ukivuta uzi uko sentimita chache kutoka kwenye pua yako mwenyewe, na wewe umeshauzoea. Vivyo hivyo mikanda ya usalama ya kujifungia mtini, ile sehemu ya mabegani na mapajani, pamoja na ukingo wa ndani wa kofia. Mkanda wa usalama osheni kwa mkono, maji na sabuni laini, mkaufuate mwongozo wake, msiutie kwenye mashine wala kuukausha kwa moto, maana ndio unaowashikilia uhai.

Sabuni ya nguo iwe isiyo na manukato na isiyo na vile viongeza-weupe. Kulungu haoni vizuri nyekundu na rangi ya chungwa, lakini bluu na miale ya urujuanimno anaiona kuliko sisi. Nguo iliyooshwa kwa sabuni ya kung'arisha inamwakia machoni machweo. Si habari ya harufu hiyo, ila iko kwenye beseni lile lile.

MgeniWaUzi

Naomba kuuliza wakubwa, mnisamehe, huu ndio msimu wangu wa kwanza na upinde. Kama upepo ndio kila kitu, kuoga na kufua kwa nini? Si nikae upande sahihi wa upepo niwe na amani?

MtegaUpepo

Swali zuri sana, mdogo wangu. Upepo wa kitabuni haupo msituni. Ukigonga ukuta wa miti unajikunja, ukivuka kilima unavunjika, na wewe utakaa masaa matatu ambayo ndani yake utageuka mara kadhaa kwa sekunde chache chache. Katika sekunde hizo ni bora apate kidogo kuliko apate furushi. Akipata kidogo, anasimama, ananyanyua kichwa, anarusha masikio, anabaki hapo akijadiliana na nafsi yake. Akipata furushi hajadiliani. Ule mjadala wake wa sekunde tano ndio wa kuvutia uzi na kuachia.

Kutonusika kabisa hakuna, sahau. Unapumua. Kila pumzi unayotoa ina harufu yako.

Na kama eneo lako liko pembeni ya nyumba za watu, ambako kulungu kila siku wananusa binadamu, mbwa na moshi wa majiko ya nje, utaona wanakuvumilia kuliko wale wa msitu mkubwa. Ila hata hao wanajua tofauti ya mtu aliye uani kwake na mtu aliye mahali ambapo hajawahi kuwepo.

OzoniTisa

Nimeweka kambi, ila na mimi niseme. Mnaongea kama tuko karne iliyopita. Mashine ya ozoni ipo. Unaifunga juu ya kichwa, inapuliza upande wa chini wa upepo, ozoni inashambulia zile molekuli za harufu. Nimekaa nayo jioni zenye upepo mbovu, majike na ndama wakapita upande wa chini bila hata mmoja kupuliza pua. Hapo mtasemaje?

MtegaUpepo

Nitasema majike na ndama hupita upande wa chini wa watu wasio na mashine pia. Uliiangushia milkwidi jioni hiyo? Inawezekana harufu yako ilikuwa inapita juu ya migongo yao.

OzoniTisa

Kwa nini wewe ukishinda ni elimu na mimi nikishinda ni bahati? 😂

MuuguziMwindaji

Naingilia kati kwa sababu za kazi yangu. Ozoni kwamba inabadilisha molekuli za harufu, kikemia ni kweli. Tatizo ni kipimo. Sheria ya usalama kazini hapa Marekani inaweka kikomo cha sehemu 0.1 kwa milioni kwa zamu ya saa nane, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limeandika wazi kwamba katika viwango visivyozidi mipaka ya afya, ozoni haina uwezo mkubwa wa kuondoa harufu ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba hiyo, achilia mbali juu ya mti ambako hewa inapita bila kusimama. Ukiongeza kipimo mpaka ifanye kazi kweli, mapafu yako nayo yako kwenye mkondo. Mwenye pumu akae mbali nayo kabisa.

Wengine wanaiwasha ndani ya gari au kwenye kabati la nguo. Kabatini sawa, iwe imefungwa, uwe umetoka chumbani, na upitishe hewa kabla ya kuingiza kichwa. Kwenye gari ukiwa ndani, hapana.

Na inakula mpira. Angalia lastiki ya kiuno cha suruali baada ya msimu mzima wa kuwekewa ozoni: inavutika hairudi, na ukiikunja unaona vinyufa vidogo vyeupe vimejipanga. Gambuti hivyo hivyo, na vile vipande vya mpira vya kuzima mlio kwenye uzi wa upinde. Mkanda wa usalama usiuingize humo kamwe.

Bi_Podo

Asante dada. Na hizi nguo za mkaa wa kunyonya harufu nazo mtuambie.

MuuguziMwindaji

Mkaa wenyewe unafanya kazi, hospitalini tunautumia kwa sumu tumboni na viwandani kwa vichujio. Una vitundu vingi mno ambavyo molekuli hukwama humo. Vikijaa, vimejaa. Ukisoma kwenye lebo kwamba mashine ya kukaushia nguo nyumbani inaurudisha kama mpya, punguza imani: viwandani wanaurejesha kwa joto la mamia ya nyuzi, mashine yako ingeunguza nguo kabla ya kufika huko. Inatoa kiasi fulani, si zote. Halafu shingo, mikono na kinywa viko nje ya hiyo nguo.

Kaka_wa_Penn

Jamani kabla mtu hajakimbilia dukani, kuna la sheria. Niko Pennsylvania. CWD, ule ugonjwa wa kulungu kukonda mpaka kufa, uligunduliwa kwetu 2012. Eneo ninalowinda limetangazwa kuwa la udhibiti wa ugonjwa, na humo mkojo wa jamii ya kulungu kutumiwa nje kama kivutio ni marufuku. Hata kuwa nao huko nje ni kosa. Virginia wamepiga marufuku kuwinda nao tangu 2015, jimbo zima. Vermont na Alaska nao wana katazo.

Sababu yao si roho mbaya. Ugonjwa huu uliojulikana kwanza Colorado 1967 huletwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya. Hizo hutoka kwenye mate, kinyesi na mkojo, na zikiingia kwenye udongo hukaa miaka. Kupika hakuziui. Mkojo wa chupa unatoka kwa kulungu wa kufugwa, wanaokojoa juu ya sakafu ya wavu, mkojo, mate na kinyesi vinapita pamoja kwenye tangi. Unanunua chupa ndogo, unaimwaga kwenye shamba ambalo watoto wako wangewinda miaka thelathini ijayo. Mpaka leo hakuna mtu aliyethibitika kuupata kwa kula nyama, lakini CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) wanashauri mnyama aliyepimwa akakutwa nao asiliwe. Ukiwa kwenye maeneo hayo peleka kichwa cha mnyama kipimwe, mara nyingi ni bure.

Za kutengenezwa maabara zinaruhusiwa sehemu nyingi ambazo mkojo halisi umekatazwa. Halafu zile za harufu ya tufaha au mahindi: kama ndani kuna kitu cha kulika, sehemu kubwa ya jimbo letu hicho ni chambo, na chambo ni faini. Kitabu cha kanuni hutoka kila mwaka na mipaka ya maeneo hubadilika, kwa hiyo usimwamini jirani aliyesoma cha mwaka juzi.

FloridaKusini

Mtega Upepo, kwako Septemba ni chakula, huku kwetu kusini kabisa majike wengi hupandwa Julai na Agosti, na upinde kwenye ukanda wetu hufunguliwa mwanzoni mwa Agosti. Mwanzo wa msimu wetu ndio harusi yenyewe. Hiyo chupa unayotaka ibaki dukani mpaka Oktoba, kwangu Oktoba imeshapitwa na wakati.

MtegaUpepo

Ndiyo maana niliandika kaskazini na katikati, mkuu 😀 Florida ni nchi ya peke yake. Hata Alabama kuna sehemu kilele chao ni Januari. Kila mtu aulize mbuga yake.

FloridaKusini

Na joto letu usiliulize. Jasho lako la kutembea nusu maili ni jasho langu la kufungua mlango wa gari.

FundiTawi

Mnaponda harufu zote kwa pamoja, mnasahau iliyo halali mwaka mzima na inayofanya kazi hata Septemba: tawi la kulamba.

Kulungu wana tezi mbele ya jicho na kwenye paji la uso. Madume na majike, wakubwa na ndama, wanapita kwenye tawi fulani lililoning'inia juu ya njia, wanalilamba, wanalisugua usoni, wanaacha taarifa zao. Chini yake ndipo baadaye, kuanzia Oktoba, dume anaparua ardhi kwa kwato na kukojolea. Ile parua inakuja na msimu wa kupandana. Tawi lenyewe wanalitembelea hata mwezi wa saba.

Kwa hiyo sihitaji mkojo. Natafuta ukingo wa shamba usio na tawi zuri, nafunga kipande cha mzabibu-mwitu au kamba nene ya katani isiyo na dawa, ncha ifike usawa wa kiuno changu hivi, naifumua kidogo nyuzi zisimame. Navaa glovu za mpira. Basi. Ukiwa na haraka unaweza kusugua harufu ya tezi ya paji la uso ya maabara, lakini wao wenyewe wataiweka yao ndani ya muda mfupi na itakuwa bora kuliko ya dukani. Fanya hivyo Julai au Agosti, si usiku wa kuamkia ufunguzi.

Sitegemei tawi limwite dume kutoka kijiji cha pili. Kazi yake ni kumsimamisha anayepita tayari, yadi 20 kutoka kwenye mti wangu, ubavu ukiwa wazi, kichwa kimeinuliwa kwenye kamba na macho yamezibwa na shughuli. Uzi unauvuta hapo. Ziara nyingi ni za usiku, kamera zitawaonyesha, ila zile za dakika za mwisho za mwanga zinatosha.

Kamba iwe upande ambao akisimama kuisugua, upepo wako wa kawaida wa jioni unapita pembeni yake. Nimeona watu wanaifunga mbele ya dungu katikati kabisa, kulungu anamaliza kusugua, anageuka, pua inaelekea kwako.

Kaka_wa_Penn

Hii ya kamba ndiyo naichukua. Na haina mkojo ndani yake, kwetu iko salama.

MgeniWaUzi

Na mbu? Jana nilikwenda kuangalia eneo, nimerudi nimetobolewa kila mahali, na nimekuta kupe wawili kwenye soksi. Nikipaka dawa nanuka, nisipopaka siwezi kutulia.

Bi_Podo

Paka, mdogo wangu. Kulungu utampata mwakani, ugonjwa wa Lyme unaweza kukaa nao. Yule kupe mdogo mwenye miguu myeusi ndiye anauleta. Na yule jike mwenye doa jeupe mgongoni, ambaye kusini na mashariki amejaa, kuna watu akiwauma wanapata mzio wa nyama nyekundu. Fikiria mwindaji asiyeweza kula windo lake.

Nguo nyunyizia permethrini (dawa ya kuua wadudu) ya asilimia 0.5 siku kadhaa kabla, nje ya nyumba, uiache ikauke kabisa. Ikishakauka hainuki kwa pua yetu na hudumu wiki kadhaa. Ni ya nguo na viatu, ngozini usipake. Kama una paka, asisogelee nguo zikiwa bado mbichi, inamuua. Ngozini tumia yenye pikaridini, haina ule ukali wa DEET, ile dawa nyingine ya mbu. Suruali ndani ya soksi, gambuti juu. Mtega Upepo anabadilisha shati chini ya mti, sawa, ila suruali abaki nayo.

MtegaUpepo

Suruali nabaki nayo, dada. Sijafikia huko.

MzeeWaMoshi

Vijana, mnahangaika. Mimi nguo naning'iniza juu ya moshi wa kuni za mwaloni. Moshi unaua wale wadudu wa jasho na kulungu anaujua moshi tangu azaliwe.

FundiTawi

Shikamoo mzee. Kwa upande wa bakteria nakubali, moshi una kemikali za kuwazuia, ndiyo maana nyama iliyokaushwa kwa moshi haiozi haraka. Kwenye kufunika harufu ndipo tunaachana. Wewe ukiingia jikoni ambako kitunguu kinakaangwa na maziwa yameungua, unavijua vyote viwili, kimoja hakifuti kingine. Kulungu anakunusa wewe na moshi wako. Vivyo hivyo mkojo wa mbweha, udongo wa chupa, majani ya msonobari.

MzeeWaMoshi

Marahaba. Lakini pale nilipo kila nyumba inawaka kuni kuanzia Oktoba, na nawapata.

FundiTawi

Pale ulipo moshi ni wa kawaida, mzee, hilo sibishi. Msituni ambako hakuna nyumba maili tano, Septemba ya joto, moshi ungeniamsha hata mimi.

OzoniTisa

Mzee anapata kulungu, mimi napata kulungu, Mtega Upepo naye anapata. Labda kulungu ndio wana huruma.

MgeniWaUzi

Swali la mwisho nisiwachoshe. Nina dungu moja tu, liko ukingo wa magharibi wa shamba la soya, juu kidogo ya shamba. Jumamosi hii ndiyo siku yangu pekee, na utabiri unasema upepo wa magharibi mwepesi unaokufa jioni. Nikae au nisikae? Nimeandaa kila kitu, nguo zimeshafuliwa.

MtegaUpepo

Usikae pale. Upepo wa magharibi unakusukumia shambani tangu mwanzo, na ukifa, mteremko utamalizia kazi. Utawafundisha majike wote wa shamba hilo kuangalia juu ya mti huo, na majike wakijifunza, madume wanajifunza kwao. Tena hata kushuka usiku itakuwa shida: watakuwa wamejaa chini yako na huna njia ya kutoka bila kuwakurupusha. Dungu bovu kwa upepo mbovu liache tupu.

Nenda upande wa mashariki ukae chini. Tafuta mti mpana au kichaka, weka mgongo kwenye kivuli, ingia kwa nyuma kutoka mashariki ili usilivuke shamba wala njia yao. Muhimu ni hili: usikae chini kabisa bondeni, maana hewa ya jioni itakusanyika hapo na kuzunguka. Kaa pale ambapo mteremko unaendelea kushuka nyuma yako, hewa ikizama iende na harufu yako mbali na soya.

Bi_Podo

Na kama mwaloni mweupe wa upande huo umeanza kudondosha, usihangaike na soya hata kidogo. Kaa yadi 20 kutoka kwenye njugu.

MgeniWaUzi

Nimempigia mwenye shamba sasa hivi. Anasema mashariki kuna miti mitatu ya mwaloni kwenye kona ya uzio, na chini ya mmoja ameona maganda yaliyopasuliwa wiki hii, hajui ni mweupe au mwekundu. Ameniruhusu nipite kwa barabara ya nyuma. Kesho mchana naenda kuangalia majani. Milkwidi nimeipata kando ya reli, ya mwaka jana, ganda moja bado lina manyoya.

MtegaUpepo

Majani ya mweupe yana ncha za mviringo, ya mwekundu yana ncha kali zenye kinyweleo. Ukiwa pale kesho achia manyoya mawili matatu saa ile ile utakayokaa Jumamosi, si mchana, kisha uje utuambie yameelekea wapi.